Bando Langu Lililoliwa Ndani ya Arobaini

Admin, nifiche jina. Kijiji changu pia usikitaje, andika Kilwa tu inatosha, maana huku tunajuana wote. Nina miaka 31, ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi Lindi mjini, mimi naishi kwao na mama mkwe pamoja na wifi yangu, mdogo wa mume wangu, mwenye miaka 24. Nayaandika haya nikiwa na hasira, sitaki kuwadanganya.

Mwaka huu nilijifungua kwa upasuaji. Mama yangu mzazi alikuwa Kiswere kwa kaka yangu, amepigwa na kiharusi, mdomo hautoi neno. Simu ya kawaida kwake haikuwa na maana. Mpaka umpigie ya video akuone, ndipo anainua mkono wake mmoja mzima na kutabasamu. Mtoto nilimpa jina lake. Kwenda kumwona sikuruhusiwa, niko ndani ya arobaini na mshono haujapona, kwa hiyo tukapanga kila Ijumaa baada ya swala kaka anipigie video, mama amwone mjukuu.

Mama mkwe alisema mzazi hatakiwi kukodolea simu, macho yatalegea uzeeni. Simu yangu ikakaa kwa wifi, ambaye ndiye alikuwa akinikanda maji ya moto na kunipikia uji. Mume wangu alininunulia bando la wiki. Ajabu, kila Ijumaa ikifika bando liko ukingoni, tunaongea dakika mbili linakata. Wifi akawa ananiambia eti mitandao siku hizi inakula bando hata ukiwa umelala. Nikamwamini.

Nikaanza kubana. Nilimwambia azime video zinazojipakua zenyewe, azuie programu kujisasisha, anitoe kwenye makundi yote ya ngoma za vigodoro na ya wauza vitenge. Mpaka kundi la darasa letu la shule nilijitoa, watu wakasema naringa kwa sababu nimezaa. Hakuna kilichobadilika.

Ijumaa ya nne kaka alituma ujumbe kwamba mama amebadilika, tuwahi. Nilimvalisha mtoto gauni jipya, nikampakata. Picha ilitokea nusu, nikaliona paji la uso la mama na kilemba chake cheupe, ikakata. Bando limekwisha. Nilimwomba wifi anikimbilie vocha dukani. Alirudi jua linazama, akasema duka lilifungwa. Kesho yake alfajiri kaka akapiga simu ya kawaida, akasema, "Dada, mama ametutoka. Jana alikuwa anaitazama simu tu." Hata kuzika sikwenda.

Arobaini ilipoisha nilirudishiwa simu yangu, nikaenda nayo Nangurukuru kwa fundi anionyeshe kinachokula bando. Akafungua mahali pa matumizi ya data, akaangalia ya mwezi ule mzima, akaniuliza, "Dada, programu zako hazina kosa. Hii yote imetoka kwa hotspoti. Ulikuwa unamgawia nani?"

Nilikaa kwenye benchi lake nikakumbuka sauti ya mwanaume niliyokuwa naisikia kila usiku chumbani kwa wifi. Wifi alikuwa anawasha hotspoti kwenye simu yangu na kuongea kwa video na mchumba wake aliyeko Muscat kwa simu yake mwenyewe, ili kwangu kisionekane kitu. Niliporudi nikapitia dukani. Mwenye duka akaniambia Ijumaa ile alifungua kutwa nzima na wifi hakumwona.

Sikugombana naye. Fundi alikuwa amenifundisha kuwekea hotspoti kikomo, kikifika kiasi fulani inajikata yenyewe. Nikamwambia wifi kwa upole kwamba akitaka kuongea na mchumba wake atumie hotspoti yangu tu, mimi bando ninalo. Alinikumbatia. Tangu siku hiyo kila alasiri maongezi yakinoga, pap, yanakatika, na mimi naiwasha tena ninapotaka mimi. Siku nyingine naikata kwa mkono, mwanaume anapoanza kuuliza mambo ya maana. Nakaa uani natwanga kisamvu nikisikiliza anavyohangaika, na moyo wangu unapoa. Naona raha, Mungu anisamehe.

Sasa mwanaume ameanza kumshuku. Anamwambia anakata makusudi, kuna mtu anaingia chumbani. Posa ilishapokelewa, ndoa wiki tatu zijazo, na wifi hali wala halali. Juzi alikuja kulia mapajani kwangu. Nilimpapasa mgongo nikamwambia avute subira, huku nikimkumbuka mama na ile picha ya nusu.

Jana mwanaume amenitumia ujumbe mimi. Ameandika, "Shikamoo shemeji. Ninayemwamini katika nyumba hiyo ni wewe. Jumapili nitakupigia, uniambie ukweli. Ukisema yuko salama naoa, ukisema vingine naituma barua ya kuvunja." Wifi hajui kama nimeulizwa. Asubuhi hii kaniletea chai kitandani, akanibebea mtoto akamwimbia mpaka akalala, na nikaona kabisa kwamba anampenda mwanangu. Hilo ndilo lililonifanya niandike, vinginevyo nisingewauliza.

Msiniambie nimwachie Mungu, nimeshaambiwa hivyo na waliokuja kunipa pole, watu ambao mama zao wazima. Nishaurini, Jumapili nimjibu nini huyu mwanaume? Uongo wenyewe ninao tayari, nimeshaupanga neno kwa neno. Mwenye la kunizuia aliseme leo, kwa sababu mimi mwenyewe nimetafuta la kujizuia na sijalipata.