Ushindi Uliokosa Mganga

Timu yetu ya karakana ya mtaa wa Gerezani ilikuwa mbovu, na nina haki ya kusema hivyo kwa sababu beki wa kulia nilikuwa mimi. Kijana yeyote aliyeujua mpira kweli alichukuliwa na klabu kubwa kabla viatu vyake havijachakaa. Kocha wetu, fundi wa kuchomelea vyuma, alibaki na sisi masalia, na bado msimu ule tulikuwa wa nne kati ya timu kumi.

Kamati haikuliona hilo. Tukishinda, sifa zilikwenda kwa mganga wa timu. Tukifungwa, lawama zote kwa kocha. Miaka mitatu ilipita hivyo, nami nameza hasira. Tulipofungwa mara mbili mfululizo, mwenyekiti akamwambia mbele yetu, "Ndugu kocha, Jumapili ukipoteza, unapumzika." Kocha yule hakuwa na starehe nyingine duniani ila timu hiyo.

Jumapili hiyo tulikuwa tunacheza na maofisa wa Upanga, mabingwa, watu wa chenga hasa. Mganga akapiga ramli yake, akatuma ujumbe kwa kamati: siku ni mbaya, tutafungwa, yeye asihesabiwe. Kamati nzima ikanywea.

Kocha alicheka tu. Ilikuwa masika, naye kila jioni alitupeleka viwanja vya Jangwani kufanya mazoezi kwenye tope, upande ule hasa uliotuama maji.

"Chenga za nini?" alitufokea. "Pigeni ndefu, mkimbie. Wao wapendeze, sisi tufunge."

Siku ilipofika, chenga zao zilikwama kwenye tope. Sisi tulishalizoea. Tukawafunga mbili bila, na bao la pili lilitokana na pasi yangu, mimi huyu huyu! Nililia uwanjani na sikuona haya.

Jioni tulikusanyika uani kwa mwenyekiti, Kariakoo, pilau ikiwa jikoni. Mwenyekiti akasimama kutoa shukrani kama kawaida yake, akaanza, "Ushindi huu tumeletewa na..." na hapo akakwama. Mganga alishajitoa mwenyewe, na kamati yote iliusikia ujumbe wake. Hapakuwa na mwingine wa kupewa sifa.

"Malizia, ndugu mwenyekiti," nikamwambia. "Nani katushindisha?"

Alimgeukia kocha.

"Wewe," akasema, akampa mkono, na kina mama waliokuwa jikoni wakapiga vigelegele.