Kamba ya Ng'ombe na Bunduki ya Mtumba

Mume wangu alikuwa ameshapata mtu wa kumnunua ng'ombe wetu. Angekuja Jumamosi. Pesa yake ingekwenda kwenye bunduki, maana ngiri walikuwa wamekula mahindi yetu misimu miwili mfululizo, kibali cha silaha kilikuwa kimetoka, na bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, alikuwa ameturuhusu kuwapiga wakiingia shambani. Kwenye bunduki sikuwa na ubishi. Ubishi wangu ulikuwa ng'ombe. Ndiye aliyekuwa anasomesha watoto, tena alikuwa na mimba.

Nyumbani ni Marangu, kwenye kihamba, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Mahindi tunalima kule chini tambarare, kama wengi wa huku.

Jumatatu tulikwenda dukani Moshi mjini. Muuzaji alikuwa mzee aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akamgeukia mume wangu.

"Ehe, mangi, unapiga umbali gani?"

"Mita mia tatu," akajibu bila kufikiri. "Tena zinazidi."

Mzee akateremsha bunduki ndefu yenye darubini juu, inang'aa kama sahani ya harusi. Aliposema bei nilimwona ng'ombe wangu anatoka getini.

"Hamna nyingine?" nikauliza.

"Mama, kwa mia tatu hakuna njia ya mkato."

Nikaomba atupe siku mbili. Kwenye gari mume wangu alinuna mpaka Himo. "Unataka nikapige ngiri kwa mwiko?" akaniuliza. Moyoni nilikuwa naomba: Bwana, kama hii bunduki ni ya lazima, isituletee damu ya mtu, na huyu ng'ombe uniachie.

Mimi nilisoma ukubwani, darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Somo lililonikaa ni vipimo. Mwalimu alitupa kamba tukapima baraza lote, na kila mtu alikuwa amekisia vibaya. Usiku ule nililikumbuka baraza lile. Asubuhi nikafungua kamba ya ng'ombe, nikainyoosha uani, nikapima mita kumi kwa futi ya fundi cherehani, nikafunga uzi mwekundu pale kumi ilipoishia.

"Baba, twende shamba," nikamwambia.

"Na kamba ya ng'ombe?"

"Na kamba ya ng'ombe."

Tulianzia kwenye jiwe analokaa kulinda, tukavuta kuelekea mfereji, pale ngiri wanapotokea. Yeye mbele, mimi nyuma, nahesabu kwa sauti. Tulipofika kwenye tuta la mfereji nilikuwa nimehesabu kamba tisa na kipande.

"Umeruka," akasema.

Tukarudia. Tisa na kipande.

Akasimama akaliangalia jiwe, akauangalia mfereji. "Mita mia haifiki?"

"Haifiki."

Simlaumu. Amekulia migombani, na kwenye kihamba jicho haliendi mbali, linagonga mgomba. Ukimteremsha mtu wa hivyo tambarare, kila kitu anakiona kiko mwisho wa dunia.

Ng'ambo ya mfereji tuliona migongo ya wanawake wameinama wanakata majani ya ng'ombe. Hata mimi nimekata majani pale miaka mingi. Mume wangu akawatazama, akaanza kukunja kamba.

Tuliporudi dukani na jibu letu, mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Watu wa migombani nyie! Mteja wa juzi aliniambia nusu kilomita, kumbe kibanda cha kuku cha jirani!"

Akaingia nyuma akatoka na bunduki ya mtumba, fupi kidogo, kitako cha mti kimechubuka, haina darubini. Akamwonyesha mume wangu jinsi ya kukoki, akamwambia aiweke begani. Ikakaa kama jembe alilolizoea.

"Kwa mita mia hii inatosha na inabaki," mzee akasema. "Lakini nisikilize. Risasi hata ya hii ikikosa inakwenda mbali sana. Piga tu ngiri akiwa mbele ya tuta, udongo uimeze. Akipanda juu ya tuta, mwache aende zake."

"Kule ng'ambo kuna akina mama," mume wangu akasema, kabla sijafungua mdomo.

Kwa bei ya hiyo, pesa ya kahawa tuliyokuwa tumeweka ilitosha. Njia nzima ya kurudi niliimba pambio chinichini, naye akawa ananisaidia sauti ya pili.

Jumamosi mnunuzi alifika na kamba yake mkononi. Nilimkaribisha ndani, nikamwambia samahani sana, tumeghairi, nikammiminia chai ya maziwa. Akanywa, akaongezewa, akanywa tena.

"Maziwa ya huyo huyo?"

"Ya huyo huyo."

Akakunja kamba yake. "Basi hata mimi nisingemuuza."

Ng'ombe wetu alikuwa uani anatafuna majani, amefungwa kwa kamba yenye uzi mwekundu.