Viatu Kwenye Kona ya Picha

Pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, ikianikwa hutoa harufu ya kukausha koo, na sisi watoto wa shamba lile la juu ya Njoro tulilala ndani ya harufu hiyo. Faida yake ni kwamba kwetu hakukuwa na viroboto. Mama akirudi kutoka kuchuma, wote walihamia kwa jirani aliyekamua ng'ombe. Lakini nilitaka kusema habari ya picha.

Mke wa mwenye shamba, tuliyemwita Memsabu, alipenda kuchora. Msimu mmoja aliwachora wanawake wakichuma pareto, akaitundika picha kwenye stoo ya kupimia maua. Karibu wote wameinama, wametugeuzia migongo, nyuso hazionekani. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mama zetu yao waliyaona ukutani, na wakajuana kwayo.

"Hiyo ekari mbili ni yako, Mama Otieno!"

"Yangu? Angalia vizuri, hiyo ni yako na ya dada yako!"

Mmoja tu alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, kitambaa chekundu kichwani. Kitambaa hicho kilikuwa kimoja tu shamba zima, na kilikuwa cha mama yangu.

Nyapara wetu Barnaba, mtu wa koti refu kiangazi na masika, aliitazama picha kama polisi anayeshika kitambulisho.

"Mama Njeri, kumbe nikigeuka unasimama? Memsabu hachori uongo, anachora chenye ameona. Kesho usiingie shambani. Na ile nyumba ya laini ya wafanyakazi, uache ufunguo."

Mimi ndiye Njeri. Nikaanza kuwaza tutalala wapi, na kuku wangu naye.

Mama hakulia. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Nimesimama, ni kweli. Mgongo si wa chuma. Lakini nyapara, sisi wote tuko hapa. Wewe uko wapi?"

Barnaba akajitafuta. Alianzia katikati, mahali alipoona panamfaa, akazunguka kote. Mama Otieno ndiye aliyemsaidia kwa kidole: kule kwenye kona, chini ya msonobari, viatu viwili vimeelekeza vidole mbinguni, na pindo la koti refu.

"Memsabu hachori uongo," Mama akasema polepole.

Barnaba alipotoka, tulicheka hadi mizani ikatikisika. Kesho yake Mama aliingia shambani na kitambaa chake, hakuulizwa na mtu.

Siku hizi shamba lile limekatwa ploti, watu wamepanda mabati. Juzi mjukuu wangu alinipeleka kunywa chai kwenye hoteli moja Nakuru mjini, na sijui ilifikaje, picha ile iko ukutani.

"Shosho," akaniambia kwa sauti ya kanisani, "hii inaonyesha heshima ya kazi."

Nikamwambia ni kweli. Kisha nikavaa miwani, nikaenda kuangalia kona. Mama ameondoka, pareto imeondoka, hata viroboto wamerudi. Nyapara bado amelala.