Kasuku Aliyeomba Matabishi

Watoto walikuwa watano tulipoingia getini. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimhesabu mtoto wa mtu mwingine. Watatu wangu, wawili wa dada yangu, wote wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa kama viatu vya pasta. Tulikuwa tumetoka Mushaki na gari la kwanza, tukateremka Sake, tukapanda lingine mpaka mjini, kwenye bustani ya wanyama. Hatukwenda kutembea. Tulikwenda kuona kasuku wetu.

Yule kasuku alitufikia kwa njia ya biashara. Mbebaji mizigo mmoja aliyetoka upande wa Mpofi alikuwa na ndege kwenye kikapu na njaa tumboni, na mimi nilikuwa na maharagwe. Tulibadilishana. Nilidhani nimempunja, kumbe ndege alikuja kunilipisha. Alikaa juu ya gunia langu sokoni mwaka mzima, akijifunza kazi. Kwetu, ukishapimiwa makopo yako, unaomba matabishi, ile konzi ya nyongeza. Wateja wengine ni wapole, wanasahau kuomba. Kasuku hakusahau. Nikifika kopo la mwisho tu, nikilipiga kofi ubavuni ili maharagwe yalale, yeye juu ya gunia: "Matabishi." Mteja anacheka, ananyoosha mkono. Nilikuwa nalisha wakili wa wateja.

Kwa hiyo siku walipopita watu wa kulinda wanyama na kueleza kwamba kasuku wa kijivu haruhusiwi kufugwa, wamebaki wachache porini, mimi sikubishana, jambo ambalo lilimtisha mume wangu. Walipomchukua, aliyelia ni binti yangu mkubwa, wa miaka kumi. Ndiye aliyekuwa anamtafunia mahindi. Walimtuliza kwa ahadi moja: kasuku akisahau maneno ya watu, atarudishwa porini na wenzake. Tangu siku ile binti yangu aliweka jambo hilo katika sala ya jioni, kati ya babu na mvua.

Mlinzi aliyetupokea ndani alikuwa baba mmoja mrefu, mwenye kaye, lile daftari lake, na biki ya kuandikia, na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto mchanga.

"Mama, muko na bahati," alisema. "Wiki ijayo kundi moja linaenda kwenye kizimba kikubwa, kule pembeni ya pori. Ndege yenu iko ndani ya kundi. Miezi mbili haijasema neno."

"Na ikisema leo?" binti yangu aliuliza.

"Ikisema leo inabaki. Ndege yenye inasema na watu, watu wanaikamata tena. Njo maana mbele ya kizimba yao hatusemi. Hata kidogo."

Wote wakaniangalia mimi. Hata wale wa dada yangu, ambao nawalisha.

Mikononi binti yangu alikuwa na fungu la ngazi, zile mbegu nyekundu za mawese, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu. Mlinzi alizipokea kwa heshima, akasema atawagawia kasuku mwenyewe jioni, tukishaondoka. Nikamwambia nimeshazihesabu. Akasema hakuwa na shaka.

Njiani tulipita kwa mamba. Hakutikisika muda wote tuliosimama. Ningekuwa nimemnunua ningemrudisha. Tukapita kwa sokwe mmoja mzee aliyetutazama mmoja mmoja, taratibu, kisha akaanza tena kutoka mwanzo, na nikajua nimekutana na mtu wa kwetu. Kitinda mimba wangu, wa miaka minne, alitaka kujua kama sokwe alibatizwa. Mlinzi alisema bado.

Kwenye kizimba cha kasuku tulifika kwa vidole vya miguu. Wavu mrefu, matawi ndani, ndege wa kijivu wenye mikia myekundu, na kimya cha kanisani kabla ya matangazo. Mlinzi alitupa mgongo akaanza kuandika kitu kwenye kaye yake. Binti yangu alishika wavu, akitafuta wake. Na mimi nikahesabu. Kwa macho tu, nawaapia. Kumi na mmoja.

Lakini getini walikuwa wametuambia kasuku ni kumi na wawili.

Sasa mtu kama mimi afanye nini? Nikarudia, na mara ya pili midomo ilianza kusaidia macho, na sauti ikaja kusaidia midomo. "Saba... nane... tisa..." Binti yangu aligeuka, macho makubwa. Wa kumi na mbili alikuwa nyuma ya jani, ndiye wetu, nilimjua kwa ukucha mmoja uliokatika. "Kumi na mbili," nikasema kwa furaha, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukapiga kofi kwenye paja.

"Matabishi."

Ilikuwa sauti ileile, nyembamba, ya puani. Biki ya mlinzi ilisimama.

"Pole, Mama," alisema. Akafungua ukurasa mwingine.

Binti yangu hakulia. Ingekuwa afadhali. Alitazama chini, akamtazama mdogo wake, kisha akamshika sikio.

"Papa, haikuwa ndege," alimwambia mlinzi. "Ni huyu."

"Haiko miye," alisema kitinda mimba, kwa sauti ya kasuku.

Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu ndege aondoke, juu ya gunia langu anakaa mwingine, huyu huyu.

Tulimvuta mlinzi nyuma ya ukuta ili tuweze kusema. Alisema mtoto wa miaka minne hatoi sauti vile, na yeye amefanya kazi na kasuku tangu ujana.

"Basi tupime," nikasema. "Minahesabu tena, napiga kofi, mutoto amefungwa kinywa. Ndege ikinyamaza, unafuta."

"Mara tatu," alisema.

"Mara moja."

"Mama, hii si soko."

"Basi mara mbili, na usiandike mbele."

Akakubali. Ni baadaye tu nilifikiri kwamba kila mara niliyoikubali ilikuwa nafasi moja zaidi ya ndege kusema, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani nilitakiwa kubaki chini kabisa, nikapanda.

Tukarudi. Binti yangu alimbana mdogo wake kinywa kwa kiganja. Mimi nikahesabu mpaka kumi na mbili, kama makopo, nikapiga kofi. Ndege wetu aliinamisha kichwa. Alinitazama kwa jicho moja, akabadilisha jicho. Hakusema kitu.

Mara ya pili alishuka tawi moja, akaja karibu kabisa na wavu. Nilihesabu polepole. Wale wa dada yangu walikuwa wameacha kupumua. "Kumi na mbili." Kofi. Akafungua mdomo, na wakati huohuo nikaona uso wa binti yangu unajikunja, machozi yanatoka, na hata sauti moja haitoki. Kasuku alipiga mwayo. Akajikuna shingo, akanya, akapanda kwa wenzake.

Mlinzi alifuta.

Nyuma ya ukuta binti yangu alifungua kiganja. Kilikuwa na alama za meno manne, nzuri, zimepangwa sawasawa.

"Nimemuambia asibane na pua," alisema kitinda mimba.

"Hukusema kitu, ulikuwa umebanwa," nikasema.

"Njo maana nimemuluma."

Mlinzi alimpaka dawa binti yangu, akamwambia kwamba hajawahi kupata mfanyakazi mwenye kimya cha namna ile. Binti yangu aliuliza jambo moja tu: kama ndege amemsahau. Mlinzi alifunika dawa yake.

"Alishuka kwako," alisema. "Wengine hawashukake kwa mutu."

Binti yangu alilibeba hilo mpaka Sake bila kulitua.

Getini niliwahesabu: watano. Mara ya pili: watano.

Kasuku aliondoka na kundi wiki iliyofuata, mlinzi alinipigia simu. Siku ileile nilikuwa sokoni. Mama mmoja mpole alichukua makopo sita, nikalipiga la mwisho kofi, akafunga mfuko wake bila kuomba kitu. Juu ya gunia sauti nyembamba, ya puani, ikasema neno lake. Nilimtazama. Nikachota konzi, nikamwongezea yule mama. Kisha nikachota nyingine, ya kasuku.