Mashine ya Unene wa Kidole Gumba

Daktari wa Kibondo alimkataza mama kitu kimoja tu: moshi. Asiukaribie tena. Mapafu yamechoka, alisema, na safari nyingine huenda asifike hospitali akiwa na pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, nimeshuka basi la kwanza kutoka Kasulu, na tangu dakika ile sikukaa tena nikatulia.

Jiko la gesi nilishamnunulia. Moshi uliobaki ulikuwa wa uwanjani. Marehemu baba alipanda mikaratusi mpakani na miparachichi nyuma ya jiko, na kila mvua ya upepo ikipita, uwanja unajaa matawi. Mama hufagia, hukusanya, huchoma. Kumwambia auache uwanja mchafu ni sawa na kumwambia apokee wageni akiwa hajanawa uso.

Ndipo nikaamua kumtafutia mashine ya kukatakata matawi. Niliiona kwenye simu: unaingiza tawi upande huu, linatoka vipande upande ule, unatandaza kwenye mashina ya kahawa, hakuna moto. Wiki nzima nilifundisha nikizunguka darasa, na chai ya saa nne niliinywa nikitembea. Mama nilimpigia asubuhi, mchana na jioni, kumsikiliza anavyopumua zaidi ya anavyosema.

"Unakimbizwa na nini?" aliniuliza.

Nikamwambia sikimbizwi. Nilimdanganya. Niliogopa siku ambayo simu ingeita na asiipokee.

Kasulu mjini hakuna aliyekuwa na jina la kitu nilichokitaka. Duka la kwanza walinitolea mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. La pili wakanionyesha ya kupukuchulia mahindi, na muuzaji akakasirika nilipoikataa, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Duka la tatu lilikuwa la mzee mmoja mwenye asili ya Tanga, kofia haimtoki kichwani, na maneno yake hayana haraka hata kidogo. Alinikaribisha kiti, nikasimama. Akanikaribisha tena.

"Mwalimu, matawi yenyewe ya mti gani?"

"Mikaratusi, parachichi, kahawa kidogo."

"Unene?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Kila nilipoonyesha, unene ulibadilika.

"Vidole vinadanganya," alisema. "Niletee matawi."

Jumamosi nikaenda Kibondo, nikakata matawi matatu, mama akiniangalia kutoka kwenye kigoda chake bila kuuliza kitu. Wakati wa kurudi kondakta aliyatazama pale miguuni pangu. "Dada, Kasulu kuni zimeisha?" Abiria wakacheka. Mimi sikuwa na hamu ya kuchekeshwa na mtu.

Mzee aliyapanga juu ya kaunta. La kwanza nene kama kidole gumba, la pili kama mpini wa jembe, la tatu kama kifundo cha mkono. Stoo alikuwa na mashine mbili, zote za petroli. Ndogo ilimeza kidole gumba, basi. Kubwa ilimeza yote matatu. Akafungua vifuniko nione visu, akanieleza kwamba vya ndogo hata fundi wa mapanga anavinoa, vya kubwa mpaka viagizwe. Migomba nisithubutu kuingiza, nyuzi zake zinajisokota ndani na injini inazima. Aliendelea kueleza, na mimi nilishaamua. Nilitaka kubwa. Nilitaka uwanja ule usibaki hata na kijiti cha kuchokolea meno. Nikamwomba aniwekee, nitaifuata Jumamosi ijayo na gari la mwalimu mwenzangu.

Jioni nikampigia mama kumpa habari.

"Inakata mpaka manene?" aliuliza.

"Mpaka manene."

"Manene yana mwenyewe, mwana wanje."

Nilidhani hakunielewa. Akanieleza taratibu, anavyowaelekeza wageni njia. Anachochoma yeye ni majani na vijiti. Manene huyachukua jirani wa ng'ambo ya kijito, mjane kama yeye, tangu mwaka aliofariki baba. Huja kila asubuhi kufuata kuni za siku hiyo. Akifika nyuma ya jiko husema "Mwakeye", salamu yetu ya Kiha ya asubuhi, na hagusi kitu mpaka mama aitikie. Mimi sijawahi kukutana naye kwa kazi hiyo, maana mimi hufika Kibondo mchana na kuondoka kesho yake kabla hapajakucha.

"Nitamnunulia mkaa," nilisema.

"Siku ile nimeanguka jikoni, unafikiri nani alinikuta?"

Nikanywea. Siku ile nilipigiwa simu nikaambiwa watu wamempeleka hospitali. Niliuliza wodi gani, daktari gani, dawa gani, oksijeni ipo au haipo. Sikuuliza watu gani. Alikuwa mtu mmoja. Alisema "Mwakeye", hakuitikiwa, akaingia. Akambeba mama mgongoni hadi barabarani, akamkalisha kwenye bodaboda, yeye akakaa nyuma yake kumshikilia.

Wiki iliyobaki niliona aibu, na aibu yenyewe haikunikalisha chini. Nimekulia uwanja ule. Miaka michache tu ya mtungi wa gesi, nikaliangalia tawi la mkaratusi nikaona takataka.

Jumamosi nilikuta mzee ameshaitoa ile kubwa barazani, ameipangusa vumbi.

"Nipe ndogo," nilisema.

"Ndogo itakuachia manene yote, mwalimu."

"Ndiyo ninachotaka."

Akanitazama. "Shemeji kakushauri?"

"Mama."

"Basi sina neno," alisema, akairudisha kubwa ndani.

Kibondo niliiweka mashine mbali na nyumba, upepo ukielekea mpakani, nikaiwasha. Mama alikaa mlangoni, kanga puani kwa mazoea tu. Nikalisha vijiti na majani makavu mpaka lundo lote likaisha, na vipande nikavimwaga kwenye kahawa. Aliniahidi kwamba vijiti vitakavyoanguka ataviacha mpaka nije, asiviwashe. Aliahidi kwa shingo upande, lakini aliahidi.

Bila kupumzika nikakusanya manene yote, nikayafunga mzigo mmoja mkubwa kwa kamba ya mgomba. Nilitaka kuupeleka ng'ambo mwenyewe, nimshukuru yule jirani, nimwondolee adha ya kuvuka kijito kila siku. Nilijiona mtoto mwema. Mama akanyanyuka kwenye kigoda, akaja polepole, mkono ukutani, akaifungua ile kamba.

"Akipelekewa zote leo," alisema, "kesho atafuata nini hapa?"

Nikaomba panga, nikakaa chini. Niliyakatakata manene yakawa ya urefu wa kuingia mafigani, na mama akanionyesha kipimo: kuni za kupikia siku moja, zisizidi. Nilipoongeza, alitoa. Tulifunga mafungu mpaka viganja vikanata utomvu, tukayapanga kwenye ukuta wa jiko, karibu na mlango, ambako mtu hawezi kuchukua fungu bila kumwona aliye ndani. Likizo ilikuwa bado mwezi mzima. Niliyahesabu mara mbili: mafungu thelathini na moja, moja kwa kila asubuhi ambayo sitakuwepo.