Dirisha ya Kuonekana

Kuna siku nilipanda ngazi vizuri sana, na hiyo kupanda ikafukuzisha rafiki yangu kazi. Mkitaka kucheka chekeni sasa, mapema.

Hii ni miaka ya elfu mbili na kitu, wakati simu ya mkono hatukuwa nayo, tunatumana salamu kwa mdomo. Nilikuwa nafua na kupiga pasi mashuka ya mahoteli huko tao, katikati ya mji, kwa dobi moja kubwa iko chini ya jengo. Ni mvuke tu. Ukiingia asubuhi huwezi jua kama nje kunanyesha ama jua imewaka. Kila mama alikuwa na aproni ya kijani na namba kubwa kifuani. Mimi nilikuwa kumi na tisa. Supavaiza hakujua jina ya mtu. Alikuwa anaita, "Kumi na tisa, hii shuka imekunjwa na kuku?" Mimi najibu, "Kuku anasema pole." Wenzangu wanacheka ndani ya mvuke, yeye hajui ni nani anacheka.

Dirisha ilikuwa moja tu, ndogo, ya ofisi yake, inaangalia ngazi. Hapo ndio sheria yao ilikuwa. Ukigonjeka, karatasi ya daktari hawataki, ati hizo zinauzwa. Unakuja wewe mwenyewe na mwili yako, kabla ya saa mbili, umevaa aproni, unasimama dirishani uonekane. Akikuona anaandika kwa kitabu, unarudi kulala. Kesho tena. Siku moja usipoonekana, umetoroka kazi.

Rafiki yangu alikuwa ishirini. Tulikaa ploti moja huko Kinoo, mlango kwa mlango. Alikuwa mjane wa watoto watatu wa shule, mtu mpole, na mwembamba kama mimi wakati huo. Msinione hivi nilivyo saa hii.

Baridi ya mwezi wa saba ikamshika kifua. Asubuhi niliingia kwake nikapata anapumua kama mtu anapanda mlima, na amelala. Nikamwambia twende hospitali.

"Kwanza dirisha," akasema.

Jirani alikuwa na pikapu ya kupeleka mboga ya sukuma sokoni. Tukampandisha juu ya magunia, nikamfunika na blanketi. Hizo ngazi za kushuka nilimshika kwapa mpaka chini.

"Ishirini, nini mbaya?"

"Kifua."

"Na umesimama."

"Amesimama kwa sababu nimemshika," nikasema.

"Sikuuliza kumi na tisa. Nenda kwa pasi yako."

Akaandika. Jirani akamrudisha Kinoo; rafiki yangu alisema hospitali ingoje. Siku ya pili rafiki yangu alikaa kwa ngazi ya mwisho, akainua kichwa tu. Supavaiza akasema kichwa si mtu, asimame. Akasimama, na akajikojolea hapo hapo, mama mzima, tukimwangalia. Tena akaomba msamaha kwa kuchafua ngazi.

Siku ya tatu hakuamka. Midomo ilikuwa rangi ya jivu. Nikamwambia jirani wa pikapu, mboga yako leo itanyauka, peleka huyu hospitali. Wakimbeba, akanishika mkono.

"Na dirisha?"

"Dirisha niachie mimi."

Nikatoa aproni yake kwa msumari. Nikaenda tao nimeivaa, kitambaa nimefunga mpaka kwa nyusi, yangu iko ndani ya mfuko. Nikasimama dirishani nikakohoa. Nilikohoa mpaka nikajionea huruma. Supavaiza macho yake haikupita namba.

"Ishirini, bado?"

"Bado."

"Haya."

Nikajisifu. Halafu kengele ya saa mbili ikalia, na kumi na tisa anatakikana kwa pasi. Choo ya kubadilishia nguo iko huko juu uani. Nikasahau mimi ni mgonjwa. Nikashika sketi nikapanda hizo ngazi mbili mbili, kama msichana ameona mbuzi imeingia kwa mahindi. Alinitazama mgongo. Akachukua kalamu tena.

Aliandika: amepanda ngazi mbili mbili, amepona, arudi kazi kesho.

Kesho yake rafiki yangu alikuwa na mpira wa hewa puani. Alikaa hospitali wiki tatu. Akirudi kwa dobi, alikuta mama mwingine amevaa ishirini. Aproni ilikuwa imeshapunguzwa urefu imkae.

Mtu wa kanisa alituambia tuende ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Nikaomba ruhusa ya mazishi, nikamsindikiza. Supavaiza aliitwa, akaja na kile kitabu chini ya kwapa. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani. Alisoma, akarudia, akamwangalia rafiki yangu.

"Mama, siku hii ulipanda ngazi mbili mbili?"

Nikamngoja aseme. Akaangalia sakafu.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Basi ulikuwa umepona."

"Nilikuwa nimepona."

Alikuwa anajua nikitajwa, mimi pia sina kazi. Watoto watatu nyumbani na anachagua kunificha. Mimi naongea tangu nizaliwe, lakini siku hiyo nilichelewa kuliko ninavyotaka kuwaambia. Afisa alikuwa anafunga faili.

"Hiyo miguu ni yangu," nikasema.

"Kumi na tisa, kaa chini."

"Hapa si kwa dobi." Nikasimulia yote, pikapu, magunia, mkojo. Afisa akamgeukia supavaiza.

"Mgonjwa alikuwa analetwa kufanya nini?"

"Kuonekana."

Yule kijana akavua miwani, akaisugua muda mrefu. Akasema mgonjwa mwenye karatasi ya daktari anabaki kitandani na kazi yake inamngoja, hiyo ni haki yake, si huruma ya mtu. Rafiki yangu akapewa barua ya kurudi. Dirisha ikapigiliwa mbao. Na mimi jioni hiyo nikavuliwa kumi na tisa, kwa sababu ya kudanganya. Sikatai, nilidanganya.

Mngependa niishie hapo. Alirudi, akafanya miezi miwili. Kifua ikaanza tena kwa ile mvuke, na hakuambia mtu, hata mimi mlango kwa mlango. Mbao ilifunga dirisha, uoga ilibaki wazi. Alianguka akiwa amesimama kwa pasi, na hakufika hospitali.

Wale watoto watatu walivuka wakaingia kwangu na magodoro yao. Ndio maana mkiniuliza nimelea wangapi nasema nane, na nimezaa watano.

Mimi hata leo nikiwa na homa siwezi kulala tu. Naamka, naosha uso, navaa vizuri, nakaa kwa kiti karibu na mlango. Watoto wangu wananigombeza. Lakini yule msichana wa kwanza wa rafiki yangu, ambaye ameshakuwa mama, hanigombezi. Anakuja anasimama mbele yangu, ananiangalia kutoka juu mpaka chini, polepole.

"Nimekuona, mama," anasema. "Enda ulale."

Ndio naenda.