Nyumba Isiyo na Boga Mlangoni

Kwa miaka kumi na minne tuliyokaa mimi na mume wangu kwenye mtaa ule wa Walthamstow, London, jioni ya Halloween ilikuwa kwetu jioni ya kujificha. Tulizima taa za mbele, tukavuta mapazia, tukahamia jikoni na sahani zetu, na watoto wa watu wakapita nje wamevaa sanda na meno ya plastiki. Mume wangu alikuwa mtu wa Muheza, mtoto wa katekista, na hakuelewa mzazi mwenye akili timamu anawezaje kumpaka mwanawe damu ya uongo usoni kisha akampeleka kuomba peremende kwa watu asiowajua. Kifo hakiigizwi, alikuwa akisema, tena kwa kunong'ona, maana jioni hiyo hata kuzungumza tulizungumza chinichini. Mimi nilimcheka, lakini taa sikuwasha.

Alifariki mwezi wa pili, ghafla, akiwa kazini. Tukamsafirisha. Matanga yakakaliwa Muheza kwa kaka zake, uwanja mzima umejaa turubai na viti vya kukodi, na wanawake wakinishika mkono mmoja baada ya mwingine mpaka mkono ukauma. Mwezi wa tatu nikarudi London na sanduku langu, nikafungua mlango, nikaingia. Mtaani hakuna aliyejua. Halikuonekana jeneza pale nje, hawakuonekana watu wa kukaa matanga. Kwa majirani zangu mimi nilikuwa nimekwenda likizo kwenye jua, nikarudi.

Kinamama wa kanisani walikuja mara mbili kutoka Stratford, wakaimba, wakaosha vyombo, wakaondoka. Hawana kosa, kila mmoja ana zamu zake na treni zake. Binti yangu amekaa Harrow, upande mwingine wa jiji, na mumewe, hunipigia simu kila Jumapili, nami namwuliza kwa Kiswahili naye hunijibu kwa Kiingereza kwamba yuko salama. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tangu Aprili mpaka Oktoba hakuna mtu aliyevuka kizingiti changu ila yule wa kusoma mita ya gesi, na huyo naye alisoma mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ilifika mahali nikawa nawasha kettle na kutoa vikombe viwili, kisha nakirudisha kimoja kabatini nikijitukana.

Mimi ni mtunzaji kwenye nyumba ya wazee. Mwezi wa kumi msimamizi wetu alituagiza tugeuze korido moja kuwa nyumba ya mizimu kwa ajili ya wajukuu wa wale wazee. Mimi nilipewa kazi ya kushika tochi. Nikawatazama wale watoto wakiingia wameshikana, wakipiga kelele, wakitokea upande wa pili wanacheka, kisha wakikimbia kupanga foleni upya. Nikiwa pale na tochi yangu ndipo wazo likanijia: Halloween ndiyo jioni pekee katika mji huu ambapo mtu anaweza kugonga mlango wako bila kutuma ujumbe kwanza. Hata mwanangu wa kumzaa hanijii bila kunipigia. Nikajiambia mwaka huu sijifichi. Mwaka huu watavuka kizingiti, tena sio mguu mmoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kinamama wa kanisani sikuwaambia, wangenikemea pepo kwa simu. Binti yangu nilimwambia. Akasema watu huku hutoa peremende pale pale mlangoni, basi, hakuna anayeingiza watoto wa wenzake kwenye korido yake. Nikamwambia kwetu mgeni hapewi kitu mlangoni kama mbwa anayefukuzwa. Akasema sawa, Mama. Ile sawa yao ya kumaliza maneno.

Nikachukua likizo ya siku mbili. Korido yangu ni nyembamba, watu wawili hawapishani, nami nikaona hilo ni jambo jema, maana woga unataka mahali pa kubana. Kuta zote nikazifunika kwa mifuko myeusi ya takataka. Darini nikabandika nyuzi nyeusi za cherehani, moja moja, nyingi, ziwe zinampapasa mtu usoni gizani. Nilizipima kwa kimo changu, nikazimaliza zote, ndipo nikakumbuka kwamba watoto ni wafupi, nikapanda tena kwenye stuli na kuanza upya. Nilichemsha tambi nikaziacha zipoe bakulini ziwe utumbo. Nilimenya zabibu ziwe macho. Glavu za kazini nikazijaza maji na kuzigandisha, nikapata mikono ya maiti minne, ya baridi kweli.

Mwisho wa korido nikasimamisha mzimu wenyewe: ufagio, kichwa cha mopu kiwe nywele, na sare yangu ya zamani ya kazi. Nikarudi nyuma kumtazama. Nikaona mwanamke aliyeshuka mabega, kasimama peke yake mbele ya mlango wa jikoni, anasubiri. Sikumpenda hata kidogo. Nikamgeuza aelekee ukutani.

Ikabaki sauti. Nyumba ya mizimu bila sauti ni stoo tu. Nikaiweka simu mezani, nikabonyeza kurekodi, nikaanza kuomboleza kwa mchezo, kama mtoto anayeigiza msiba. Kwetu kilio ni wito. Ukikisikia unaacha ulichoshika na kwenda, hata kama na mwenye msiba mliachana kwa ugomvi, na asiyekwenda husemwa mpaka wajukuu zake. Kule Muheza waliokuja kulia walikuwa wengi hivi kwamba mimi mwenyewe nililia kidogo tu, nilikuwa na kazi ya kupokea watu. Baada ya hapo nililia jikoni kwangu nikitoka kazini, nikiwa bado na koti, nikiamini kwamba kuta za Waingereza ni nene. Sasa nikaanza kwa mchezo na mchezo ukanitoka mikononi. Nililia kwa jina lake, kwa Kiswahili na kwa Kibondei cha bibi yangu, mpaka koo likakauka. Niliposikiliza, ilikuwa inatisha vizuri. Nikasema hii hii, watoto hawajui Kibondei.

Kitu kimoja sijakisimulia, nacho ni boga. Wiki ile soko la Walthamstow lilijaa maboga tangu mwanzo hadi mwisho wa barabara, makubwa, rangi ya chungwa, na mimi nikafurahi kwamba hatimaye Waingereza wamejifunza kula. Nikachagua zito. Muuzaji akaniuliza kama nina kisu cha kulichongea. Nikamwambia kisu ninacho, asiwe na wasiwasi. Nikalipika kwa tui zito la nazi, iliki na sukari kidogo, mbegu nikazikaanga kwa chumvi, nikala siku tatu. Yale yaliyochongwa macho na meno niliyaona mbele ya nyumba za watu, nami nikasikitika tu. Chakula kizima kinatobolewa pua na kuachwa kioze nje.

Jioni yenyewe, saa kumi na moja, nikazima kila taa. Nilitaka giza la kweli. Nikaiweka simu chini ya kiti iwe inarudia kilio mwanzo mwisho, nikasimama nyuma ya mlango na bakuli la peremende za kutosha shule nzima.

Wakaja. Nilisikia viatu, nikasikia vicheko, nikasikia lango la jirani wa pili likifunguliwa na kufungwa. Nikajiandaa. Wakapita. Kundi jingine likaja, likapita. Nikainama, nikasukuma kile kijifuniko cha tundu la barua, nikachungulia. Walikuwa wakienda nyumba hii, wanairuka ile, wanaingia ile nyingine, kama watu wanaosoma orodha. Kisha mama mmoja akasimama mbele ya lango langu na binti mdogo aliyevaa mabawa. Yule mtoto akanyoosha kidole kwenye mlango wangu. Mama akamvuta taratibu na kumwambia si hiyo, hao hawajaweka boga.

Nikatazama upya. Kila nyumba waliyogonga ilikuwa na boga mlangoni na mshumaa unawaka ndani yake. Isiyo na boga haigongwi, ndiyo adabu, kila mtu mtaani anaijua hadi mtoto wa miaka minne, ila mimi, kwa sababu miaka kumi na minne jioni hiyo nilikuwa jikoni nanong'ona. Boga langu lilikuwa tumboni. Nilicheka, kwa kweli nilicheka kwa sauti pale gizani. Kisha nikawasha taa ya nje, lakini mvua ilikuwa imeanza na watoto walikuwa wanarudishwa makwao. Nikakaa kwenye stuli. Glavu zilikuwa zimeyeyuka zinadondosha maji kwenye zulia, na mimi nilikuwa nalia ndani ya simu, lakini nje ya simu sikulia, nilikuwa nimechoka tu. Niliona aibu, kama mtu aliyepika pilau la harusi na harusi ikafanyika kwingine.

Ndipo mlango ukagongwa, mara mbili, polepole.

Hakuwa mtoto. Alikuwa jirani yangu tunayegawana naye ukuta, mwanamke wa Kiingereza wa umri wangu anayeishi peke yake, ambaye kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumezungumza habari za mvua na siku ya kutoa mapipa ya taka. Alikuwa na kandambili za nyumbani na hakuwa na mwavuli. Bakuli langu hakulitazama. Aliniuliza kama ni mzima, maana amesikia mtu analia.

Nikamweleza, haraka haraka, kwamba ni rekodi, ni nyumba ya mizimu, ni kwa ajili ya watoto. Nikajaribu hata kutabasamu. Akanitazama, akatazama lile giza nyuma yangu ambamo sauti yangu ilikuwa inaendelea.

"Nilidhani ni wewe," alisema. "Huwa nakusikia."

Nikamwuliza huwa lini.

"Tangu Machi. Jikoni, ukirudi kazini. Ukianza huwa nazima redio, nakaa mpaka unyamaze. Sikujua kama ni adabu kugonga."

Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia, na sikujua kipi kianze. Miezi saba. Tofali moja la unene kati yetu, mmoja analia na mwingine amezima redio, kila mtu na adabu zake. Nikamwambia mume wangu amekufa. Sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa mtu yeyote wa mtaa ule, na nililisema kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyemuua.

Mvua ilikuwa inamlowesha nywele. Kisha akauliza, kwa ile ile adabu yake, kama anaruhusiwa kuingia. Nikasogea pembeni. Akavuka kizingiti kwa miguu yote miwili, akaingia gizani ametanguliza mikono kama mtu asiyejua njia, na mimi nikamfuata nyuma.